Kerezo, Tindo na Nyundo: Habari za Vipuri vya Injini Vilivyotengenezwa katika Karakana Ndogo

Halmashauri iliyokabidhiwa kazi ya kutayarisha kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu ilituomba, sisi wa karakana, tuandike kurasa chache juu ya kazi yetu. Mwanzoni tulidhani tutaandika hesabu tu: malori mangapi yamepita mikononi mwetu, na mashine ngapi za kukoboa na kusaga zimerudi kazini. Lakini tulikumbuka swali lililoulizwa na mjumbe mmoja wa chama cha msingi katika Mkutano Mkuu uliopita. Alisimama, akavua kofia yake, akauliza kwa adabu: lile kerezo lililo nyuma ya ghala, lililonunuliwa kwa fedha za wakulima, na ambalo lina mtu wake anayelipwa kila mwezi, lina faida gani ikiwa vipuri vya injini vyauzwa madukani? Kwa nini lisiuzwe?

Mzee wetu hakuuliza kwa uadui. Mkulima ana haki ya kujua senti zake zaenda wapi, na chama ambacho wanachama wake wameacha kuuliza maswali ya namna hiyo kiko karibu na kaburi lake. Ila siku ile hatukumjibu vizuri. Fundi wetu si msemaji, na sisi wengine tulishikwa na haya mbele ya watu wengi. Basi jibu letu ni hili, na kwa kuwa linaanzia mbali, twamwomba yeye na wasomaji wote watuvumilie.

Kwanza neno lenyewe. Kukereza si neno lililoletwa na injini. Mafundi wa pwani walikuwa wakikereza matendegu ya vitanda kabla gari la kwanza halijaonekana katika nchi hizi, na keekee, chombo kile cha kutobolea mbao kinachozungushwa kwa uta na uzi, kilijulikana kwao vilevile. Kanuni ya vyombo hivyo viwili ndiyo kanuni ya karakana yote. Katika kerezo, kitu kinachotengenezwa ndicho kinachozunguka, na chombo kinachokata chatulia. Katika keekee, kitu chatulia na chombo ndicho kinachozunguka. Kijana akishalielewa jambo hilo, mashine kubwa zinazotumia umeme hazimtishi tena.

Lakini chuma si mti. Tendegu likikosea kwa unene wa ukucha, kitanda hulaliwa tu; pistoni ikikosea kwa unene wa unywele, injini hufa. Ugumu huo ulimsumbua James Watt, yule Mskoti ambaye mwaka 1769 alipata hati ya haki ya uvumbuzi wake katika injini ya mvuke. Wazo lake lilikuwa jema: mvuke upozwe katika chombo cha kando, ili silinda yenyewe ibaki na moto wake na makaa yasipotee bure. Hata hivyo kwa miaka kadhaa injini yake haikufaa kitu. Hapakuwa na mtu aliyeweza kumpatia silinda ya chuma iliyo mviringo kweli tangu mdomo mmoja hata wa pili. Pistoni ikibana huku, mvuke ulitorokea kule. Watt akajaribu kuziba nafasi zile kwa matambara, kwa karatasi, kwa kila alichokipata, wala hakufaulu.

Aliyemwokoa alikuwa John Wilkinson, mwenye viwanda vya chuma huko Uingereza, ambaye mwaka 1774 alikuwa amebuni njia ya kutoboa mizinga kwa unyofu. Kwa ajili ya silinda alitengeneza mashine nyingine. Zamani fito la kutobolea lilishikwa upande mmoja tu, na likiingia ndani liliyumba, likafuata upotovu wowote uliokwisha kuwamo katika chuma kilichosubiwa. Wilkinson alilipitisha fito lake silindani hadi likatokea upande wa pili, akalishikiza mwisho huku na mwisho huku. Mwaka 1776 Matthew Boulton, mshirika wa Watt, aliarifu kwamba katika silinda yenye upana wa inchi 50 kosa halikufika unene wa shilingi kuukuu. Kwa mafundi wa leo kosa la namna hiyo ni aibu tupu. Kwa wakati ule lilikuwa ajabu, na tangu siku hiyo injini ya Watt ikaanza kuuzwa. Twaomba mzee wetu alitazame vizuri jambo hili. Akili ya mvumbuzi ilikaa miaka na miaka ikimngoja mtu wa kutoboa tundu.

Wa tatu tutakayemtaja ni Henry Maudslay. Huyu alikuwa msimamizi wa kazi katika karakana ya Joseph Bramah, mtengenezaji wa kufuli mjini London, kwa mshahara wa shilingi 30 kwa wiki. Mwaka 1797 aliomba nyongeza kwa sababu watoto walikuwa wameongezeka nyumbani, akanyimwa, akaaga, akafungua karakana ndogo ya kwake mwenyewe. Humo ndimo alimotengeneza kerezo la chuma la kukatia hesi, ambalo chombo chake hakishikwi kwa mkono wa mtu bali chakaa juu ya kibebeo kinachosukumwa na msumari mrefu wa hesi wenyewe. Mkono wa mtu huchoka na hutetemeka, kibebeo hakichoki. Kijana mmoja aliyefanya kazi katika karakana hiyo, Joseph Whitworth, baadaye alipendekeza, mwaka 1841, kwamba mafundi wote wa Uingereza wakate hesi za namna moja, zenye pembe ya nyuzi 55. Kabla ya hapo kila bolti ilikuwa na nati yake, kama mume na mke, na ukizichanganya katika ndoo moja umepata kazi ya siku nzima. Nyingi katika spana zetu za zamani zina alama ya kipimo chake hata sasa.

Sasa twafika kwenye habari tuliyoikusudia hasa.

Katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, walikuwapo ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, ambao kazi yao ilikuwa kutengeneza na kuuza baiskeli. Nyuma ya duka lao ilikuwapo karakana yenye kerezo moja na mashine moja ya kutobolea, zote zikizungushwa kwa mikanda na injini ndogo ya gesi waliyoiunda wenyewe. Mwezi Juni 1901 walimwajiri fundi mmoja aitwaye Charles Taylor, aliyezaliwa mwaka 1868, kwa dola 18 kwa wiki, awaangalizie duka wakati wao wako ufukoni Kitty Hawk, North Carolina, wakijaribu kuruka kwa mabawa yasiyo na injini.

Mwisho wa mwaka 1902 ndugu hao walikuwa wamekwisha kujua jinsi ya kuongoza mabawa yao hewani. Kilichobaki kilikuwa injini. Wakaandika barua kwa watengenezaji kadhaa wa injini: twataka injini ya nguvu za farasi 8 hivi, uzito wake usizidi ratili 180. Majibu yaliyokuja hayakuwasaidia. Wengi walisema wana kazi nyingi, na ni kweli. Nani angesimamisha kiwanda ili kuwatengenezea wauza baiskeli wawili injini moja? Msomaji ambaye amewahi kumwandikia mwuzaji wa mbali akitaka kipuri kimoja cha injini ambayo haitengenezwi tena ayajua majibu ya namna hiyo bila kuyasoma.

Ndipo walipoamua kuiunda wenyewe. Na waliposema "wenyewe" walikuwa na maana ya Bwana Taylor. Yeye hakuwa amewahi kuunda injini ya petroli. Jambo la karibu alilolifanya lilikuwa kujaribu kuitengeneza moja iliyoharibika, mwaka 1901. Hawakuchora michoro ya kiwandani. Mmoja wao alikuwa akichora kipande kwa risasi juu ya karatasi yoyote, na Taylor akaichomeka karatasi ile juu ya meza yake ya kazi, akaanza.

Kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuwa krenki, lile fito lenye viwiko ambalo hugeuza mwendo wa pistoni wa kwenda na kurudi uwe mzunguko. Viwandani krenki hufuliwa kwa nyundo kubwa za mashine, kisha hukerezwa. Taylor hakuwa na nyundo ya namna hiyo. Alichukua pande la feleji lenye urefu wa inchi 31, upana wa inchi 6, na unene wa inchi 1 na 5/8. Ukipiga hesabu utaona kwamba lilizidi ratili 80. Akaichora krenki juu ya ubavu wake. Kisha akatoboa matundu kwa mashine, moja baada ya jingine, akiufuata mstari, mpaka matundu yakakaribiana kama shanga katika uzi. Akashika tindo na nyundo, akavikata vijukuta vilivyobaki kati ya tundu na tundu, na chuma kisichotakiwa kikaanguka chini. Kilichosalia alikifunga katika kerezo na kukikereza, shingo moja baada ya nyingine, hata ilipokamilika ikawa na uzito wa ratili 19 tu. Yaani zaidi ya robo tatu ya feleji ile iligeuka kuwa unyoya na vipande chini ya miguu yake.

Tumewahi kusimama mbele ya kerezo letu tukijaribu kuifikiri kazi hiyo. Kukereza shingo iliyo katikati ni kazi ya kawaida. Lakini shingo za viwiko haziko katikati. Ili kuzikereza lazima fito zima lishikwe kando ya mhimili wake, lizunguke kwa kupepesuka kama mlevi, na chombo kilingoje kila linapopita. Likishikwa vibaya hujipinda, au huchomoka likampiga mtu. Na chuma kikikatwa hupata moto na kufutuka. Anayekipima kingali moto atakuta kesho kimepungua. Fundi mwenye subira hukiacha kipoe, akanywa chai yake, ndipo akapima. Wasioelewa hudhani amekaa bure.

Kasha la injini lilisubiwa mjini hapohapo kwa alumini iliyochanganywa na shaba nyekundu kiasi cha asilimia 8, mchanganyiko ambao wataalamu walipoupima tena katika miaka ya 1990 waliustaajabia. Silinda nne za chuma cha kusubu zilikerezwa, zikakatwa hesi, zikafungwa kashani kama kifuniko cha chupa. Upana wa kila silinda ulikuwa inchi 4, na safari ya pistoni inchi 4. Kabureta kama zetu haikuwamo: petroli ilidondoka mahali penye joto ikageuka mvuke. Plagi hazikuwamo pia. Cheche zilipatikana kwa ncha mbili za chuma zilizogusana na kuachana ndani ya silinda. Minyororo iliyopeleka nguvu kwenye mapanga ilifuata kanuni ileile ya mnyororo wa baiskeli. Kazi yote ilichukua wiki sita.

Mwezi Februari 1903 injini ikawashwa. Siku ya pili yake petroli ilidondokea beringi, mafuta ya kulainisha yakaoshwa, beringi zikashika, na kasha likapasuka. Ikabidi kasha jingine lisubiwe, na Taylor akaanza upya kutoboa na kukereza. Ilipokuwa tayari mara ya pili ilitoa nguvu za farasi 16 kwa nafasi ndogo baada ya kuwashwa, kisha ilipopata moto ikatulia kwenye 12. Walikuwa wameomba 8.

Hatusemi ilikuwa injini bora duniani. Mwaka uleule, Washington, Bwana Charles Manly alikuwa ametengeneza injini ya nguvu za farasi 52 kwa ajili ya chombo cha Profesa Langley, na kwa ufundi tupu ile ya Taylor haikuweza kusimama karibu nayo. Serikali ya Marekani ilikuwa imempa Langley dola 50,000. Ndugu wa Dayton, kwa mashine yao yote, hawakutumia hata dola 1,000. Lakini chombo cha Langley kilianguka katika mto Potomac tarehe 7 Oktoba 1903, kikaanguka tena tarehe 8 Desemba. Kosa halikuwa la injini. Twayataja haya kwa sababu baadhi ya wenzetu hupenda kusema fedha nyingi hazifai kitu, jambo ambalo si kweli. Manly alizitumia vizuri.

Huko Kitty Hawk mambo nayo hayakuwa laini. Mwezi Novemba mafito ya kuzungushia mapanga, yaliyokuwa bomba za chuma, yaliharibika, yakarudishwa Dayton kwa Taylor. Yaliporudi, magurudumu ya minyororo yakawa yanalegea kila mara, mpaka walipomimina gundi ya matairi ya baiskeli katika hesi zake, yakashika. Kisha fito moja likapata ufa. Orville akapanda gari la moshi mwenyewe kurudi Dayton, mafito mapya yakatengenezwa karakanani, safari hii ya feleji ya springi isiyo na tundu ndani, akarejea nayo tarehe 11 Desemba. Tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka mara nne. Mara ya kwanza walikaa angani nukta 12; mara ya nne nukta 59, mwendo wa futi 852.

Tupige hesabu kidogo hapo. Kama wangekuwa hawana kerezo lao, lile fito lenye ufa lingeagizwa kwa barua, barua ingejibiwa, Desemba ingepita, na majira ya baridi yangewafukuza ufukoni. Hatusemi wasingeruka kamwe. Twasema wasingeruka siku ile.

Katika karakana yetu hatutengenezi vyombo vya kuruka. Mwaka wetu wa nne, mwanzo wa msimu, injini ya mashine ya kukoboa ilianza kugonga. Tukaifungua, tukakuta bushi ya pini ya pistoni imekwisha kabisa. Ni kipande cha shaba ambacho mtoto angekificha katika kiganja. Mwuzaji tuliyemwendea alisema hauzi bushi peke yake. Ni lazima tununue mkono mzima wa pistoni, nao utafika baada ya wiki sita. Tukalipa amana, maana tuliogopa. Zikapita wiki tisa, na kahawa imejaa ghalani hadi mlangoni. Ndipo fundi wetu alipotafuta kipande cha shaba ngumu, akakikereza kwa siku moja, akakishindilia mahali pake, akakisugua tundu lake mpaka pini ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Mashine ikafanya kazi msimu wote. Mkono wa pistoni ulifika baadaye, na ungali rafuni katika karatasi yake.

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Vipo vipuri tusivyoweza kuvitengeneza, na fundi anayesema aweza kila kitu afukuzwe. Pampu ya kupulizia dizeli ina vipande vilivyosuguliwa kwa udogo ambao vipimo vyetu haviuoni. Pistoni na ringi twanunua. Kazi yetu ni silinda, ambayo huliwa zaidi upande wa juu, mahali ringi zinapogeuka, ikawa pana juu na nyembamba chini. Hiyo twaitoboa upya na kuitia pistoni ya saizi inayofuata, au, ikiwa imekwisha kuliwa mno, twaivika bomba jipya ndani. Kazi yetu ni bushi, pini, mafito, na hesi zilizokufa.

Na tumekosea. Mwaka wa pili tulikereza fito la pampu ya maji likavunjika baada ya siku tano, palepale ambapo unene hubadilika, kwa sababu tuliiacha kona ikiwa kali kama ya sanduku. Chuma kinachozunguka chini ya mzigo huanza kupasuka penye kona kali. Tangu hapo kila kona huviringwa. Nusu mbili za fito lile zimetundikwa ukutani juu ya kerezo, na kila mwanafunzi mpya huulizwa lilivunjikia wapi na kwa nini.

Tuna malalamiko moja, nayo tutayasema kwa upole kwa kuwa sherehe haipendi ugomvi. Katika vitabu vya hesabu, bushi ile iliyookoa msimu imeandikwa chini ya "gharama nyinginezo", thamani ya kipande cha shaba na basi. Mkono wa pistoni uliochelewa una mstari wake mwenyewe, jina lake na bei yake. Asomaye vitabu hivyo ataamini kwamba mkono ndio uliofanya kazi. Mzee mjumbe alivisoma, nasi hatuwezi kumlaumu kwa swali lake. Hata katika picha iliyo mwanzoni mwa kitabu hiki, mkerezaji wetu yuko nyuma ya lori, na maelezo yaliyo chini yamemweka katika "na wengineo".

Bwana Taylor naye yalimpata. Aliendelea kuwafanyia kazi ndugu Wright kwa miaka mingi; mwaka 1937 Henry Ford alimtafuta amsaidie kulipanga upya lile duka la baiskeli, lililokuwa limehamishiwa Dearborn, Michigan, liwe makumbusho. Orville, aliyefariki tarehe 30 Januari 1948, alimwachia katika wasia dola 800 kwa mwaka. Lakini mwaka 1955 mzee huyo alikutwa katika wodi ya maskini ya hospitali huko California, na watu wa kazi ya ndege wakachanga fedha ili ahamishwe mahali pazuri zaidi. Alifariki tarehe 30 Januari 1956, siku ileile ya mwezi aliyofariki Orville.

Krenki yake, ile iliyochongwa kwa tindo, pamoja na gurudumu zito la injini, ziliazimwa mwaka 1906 kwa maonyesho mjini New York. Hazikurudi. Injini iliyohifadhiwa Washington ina krenki nyingine.

Ile bushi ya mwaka wa nne tumeiweka juu ya meza karibu na kerezo. Ilitolewa mwaka jana ilipochakaa, ikatiwa nyingine. Mzee mjumbe akipita ghalani siku ya kupima kahawa, twamwomba aingie hata karakanani, fundi atamwonyesha.